Ndama wa Gemu Letu

Mpendwa Shangazi,

Kama huko uliko kuna ng'ombe, basi nawahurumia jirani zako. Sisi wa Majimoto tulikuwa tunakusikia ukiita mifugo kabla hatujaona vumbi lake. Mama alikuwa anasema, "Wifi yangu hahitaji spika," nawe ukicheka na kuzidisha.

Siku niliyokurekodi kwa simu ulisema, "Ngoja kwanza nivae kitenge kizuri." Kwa kurekodi sauti tu, Shangazi! Ukaenda kubadilisha kweli, ukarudi umependeza, ukaita mpaka ng'ombe wa watu wakaja.

Sauti ile sasa imo ndani ya gemu la simu. Tunalitengeneza hapa Mpanda, mimi na Evarist, yule mtoto wa jirani yako. Mchezaji amepotea porini na ng'ombe, na njia pekee ya kurudi nyumbani ni kukufuata wewe unavyoita. Akikaribia unasikika vizuri, akikosea njia unafifia. Kazi hiyo ya kukuza na kufifisha inafanywa na programu ya kampuni moja ya ng'ambo, na programu ina leseni, na leseni ina ada. Bila wewe hakuna gemu, ni nyasi tu.

Evarist ndiye aliyeanza kuisoma leseni, kamusi mkononi. Akafika palipoandikwa kwamba programu ni mali ya kampuni, sisi tumeruhusiwa kuitumia tu. Akafunga kompyuta.

"Kaka, hii ni ng'ombe ya shangazi yako."

Nikamwelewa papo hapo. Si unakumbuka ulivyompa mama yake ng'ombe amtunze? Maziwa yake, mbolea yake, lakini ndama alipokua ukaja kumchukua, maana ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mila ni mila. Evarist alimlilia yule ndama mpaka akagoma kula. Na sasa gemu letu limezaliwa na programu yao!

"Watakuja kulichukua," akasema, "na shangazi yako humo humo."

Niliogopa, sikufichi. Nikakutoa kwenye gemu, nikaweka filimbi niliyopuliza mwenyewe. Likawa kama mchuzi usio na chumvi, na mimi sikuwa na raha hata kidogo.

Lakini kuuliza si ujinga. Nikaiandikia kampuni, akanijibu mama mmoja mpole sana. Kumbe programu ni yao, ila gemu na sauti tulizoweka ni zetu kabisa. Kwa wadogo kama sisi, ambao bajeti ya gemu haifiki kiwango walichoweka, hakuna ada. Tunaliandikisha tu gemu kwao na kuonyesha nembo yao linapofunguka. Siku tukitengeneza lingine la bajeti kubwa, ndipo tutalipia leseni ya gemu hilo.

"Kwa hiyo ndama anabaki?" Evarist akauliza. Nikamwambia anabaki. Aliruka huyo, akagonga kichwa kwenye rafu. Nikakurudisha jioni ile ile.

Mwisho wa barua yake yule mama aliongeza neno: hakikisheni mwenye sauti ameridhia. Kurekodiwa uliridhia, tena kwa kitenge, lakini habari za gemu hukuzisikia. Na nitakuuliza wapi sasa? Nimekukumbuka Shangazi, nimekukumbuka mno.

Nikapanda basi hadi kwa binti yako Kabula. Nilimkuta anapeta mchele, nikawasha gemu bila kumweleza kitu. Ukaita ng'ombe wako. Halafu, kama ilivyokuwa kawaida yako, ukakatisha katikati: "Kabula! Fungua zizi!"

"Abee mama!" akaitika, ungo ukamponyoka.

Tukatazamana. Tulicheka, Shangazi, tukacheka mpaka machozi yakawa ya kweli. Alipojifuta akaniuliza utasikika mpaka wapi. Nikamjibu, popote penye simu.

"Basi mwache aite," akasema.

Pumzika salama, kama utaweza kukaa kimya.

Mtoto wa kaka yako