Kamera Tupu ya Alhamisi

Jumatatu, 3 Februari 1964

Leo onyesho la barua. Hester Lorne, mwigizaji wetu, anakaa mezani, anasoma barua ya mumewe, anaikunja, anazima taa. Basi. Tumelipiga mara sita, ya tano ndiyo nzuri. Nimeandika: kikombe mkono wa kushoto, kifungo cha juu cha sweta wazi, barua imekunjwa mara mbili. Kazi yangu ndiyo hiyo — kukumbuka, ili vipande viungane baadaye. Mwaka wa ishirini na mbili huu namkumbukia mwongozaji wetu, Ambrose Tilling. Kwangu filamu ya kumi na moja, kwake ya kumi na tisa.

Huyu alianza enzi za filamu bubu, kazi yake kumwaga maji ya ndoo dirishani ili ionekane mvua! Sasa vijana wahakiki wa filamu wanavuka bahari kutoka Paris kuja kumuuliza kwa nini mwaka 1938 aliweka kamera chini ya ngazi. Leo wamekuja wawili. Akawajibu kwamba juu hapakuwa na nafasi. Wakaandika!

Mchana mzee kaniita Bi Marsh. Mara mbili. Bi Marsh alifanya kazi hii kabla yangu, na amekufa tangu 1951. Kwanza nilikasirika. Halafu nikaogopa.

Jumanne, 4 Februari

Harkaway, mtayarishaji wetu, kanivizia kwenye toroli la chai. Eti mzee yuko sawa? Watu wa bima wamesikia maneno. Jumatatu wanaleta daktari. Asiposaini kwamba mzee ni mzima, hakuna bima kwa wiki tano zilizobaki, na wenye filamu watamkabidhi kijana mmoja wa televisheni aimalizie. Mzee ana miaka sabini na moja. Akitolewa kwenye hii, hapati nyingine. Hilo Harkaway hakulisema, halikuwa na haja ya kusemwa.

“Wewe ndiye unayeona kila kitu, Bi Askew,” kasema. “Karatasi zako za kila siku ndizo nitakazompa daktari.”

Buheri wa afya, nikamjibu.

Jumatano, 5 Februari

Siku njema. Mzee kamfokea Cyril, mpiga picha wake wa miaka thelathini, kwa kivuli ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Na kweli kilikuwepo! Labda ni mimi tu ninayejitia wazimu.

Alhamisi, 6 Februari



Ratiba ilisema onyesho la korido. Mzee kaingia, kavua kofia, kasugua viganja: “Haya jamani, onyesho la barua.”

Wote wakanitazama mimi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba tulishalipiga Jumatatu. Tu! Badala yake nikainamia daftari langu. Cyril akanisogelea sikioni: “Mwache apige, Win. Sitii filamu kwenye kamera. Nani atajua?”

Basi meza ikarudishwa, taa zikarudishwa. Watu wazima arobaini tukaanza kucheza kitoto. Hakuna aliyecheka. Nilijichukia.

Halafu mzee akamwinamia Hester. Akamwambia asiisome barua. Eti unajua kilichomo, mama, umekijua mwaka mzima — menya chungwa. Hester akakaa, barua haijafunguliwa, kaigandamiza kwa kiwiko. Akamenya. Ganda refu, polepole, mpaka likaisha. Akalitazama chungwa kama mtu aliyesahau linaliwaje. Huko juu fundi wa taa alisikika akipenga kamasi.

“Kata. Hiyo hiyo,” kasema mzee. Mara moja tu!

Miaka ishirini na mbili sijaona kitu kama kile. Na ndani ya kamera hamna hata inchi moja ya filamu. Cyril kageuka rangi kama unga. Hester kapita mbele yetu analia: “Washenzi wakubwa nyie!”

Kwenye karatasi ya Harkaway nimeandika: korido, mazoezi. Uongo wangu wa kwanza kazini.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi huwa tunakaa kutazama picha zilizopigwa jana yake. Cyril kamwambia mzee kwamba maabara wamechelewa. Mzee akasema “ahaa”, akajaza kiko chake.

Saa ya chakula Cyril na Hester wamegombana, samaki na chipsi vinapoa. Hester anataka mzee aambiwe, onyesho lirudiwe na filamu ndani. Cyril anauliza, aambiwe nini? Kwamba tulimfanya mtoto? Na daktari yuko njiani?

“Nyinyi mlikuwa mnamhurumia,” Hester kasema. “Mimi nilikuwa naigiza!”

Sikula.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimemwandikia mzee barua mbili, zote nimechana. Natamani kesho ipite. Natamani isifike.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefika studio mapema, nikamkuta mzee peke yake. Kaweka kiganja juu ya kamera.

“Kamera yenye filamu hulia kama cherehani, Bi Askew. Ya Alhamisi ilikuwa inapiga hewa tu.”

Nikamuuliza, kama alisikia, kwa nini hakusimamisha?

“Hester alishaanza chungwa. Ningemkatizaje?”

Kisha akauliza yeye amesahau mara ngapi. Nikamwambia tisa, tangu Krismasi. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu. “Mimi nilidhani mbili.”

Nililia, nakiri. Yeye hakulia. Kasema tunalipiga tena asubuhi hii, filamu ndani, kabla ya daktari. Nimwambie alivyomwelekeza Hester, neno kwa neno. Nikafungua daftari la kazi. Tupu! Alhamisi nilikuwa nimeshika kalamu nikitazama tu, kama mtu aliyelipa kiingilio. Haya machache ya shajara hayakutosha; Hester alipofika, ikabidi mwenyewe atueleze. Mzee akamsikiliza kama anasimuliwa kazi ya mwongozaji mwingine. “Si mbaya,” kasema.

Saa nne. Naandika pembeni ya kamera, daftari hili juu ya lile la kazi. Cyril katia filamu, kanionyesha mwenyewe. Harkaway kaingia na mtu mwenye mkoba — daktari, saa mbili kabla ya wakati! Wamesimama nyuma yetu.

Mzee kasema “anza”. Hester anamenya. Ni ile ile. Hapana — imezidi! Ganda limeanguka. Analitazama chungwa.

Mzee hajasema kata.

Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kulisema. Hester kaanza kuliokota ganda, polepole, hilo hakuelekezwa. Cyril hageuki. Mzee anatazama mbele, mdomo wazi kidogo. Sijui kama anangoja kitu au kapotea. Namjua kuliko ndugu zake na sijui!

Nikimgusa mkono, daktari ataona. Nisipomgusa na filamu ikaisha, ataona vilevile. Hester kashika barua sasa. Anaifungua. Harkaway kanikazia macho, ameinua nyusi, ananiuliza. Mzee kaninong’oneza bila kugeuka: “Bado, Bi Askew.”