Kwa Marjan Abdunoor, Aliyevaa Ndala Mikononi

Baba Husnah, leo mwaka umetimia tangu uteleze kwenye ngazi za lile jengo la mafundi cherehani pale Kisenyi, na sisi wa nyumbani bado tuna uchungu. Wengine huandika kwenye matangazo ya kumbukumbu kama haya kwamba jeraha limepona. Letu halijapona, na hatutaki kukudanganya.

Ulipooza miguu ukiwa mtoto, ukajifunza kushona kwa cherehani ya mkono: wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa. Wanaume wangapi wa Kisenyi na Old Kampala wameswali Idi ndani ya kanzu zako! Duka lako lilikuwa ghorofani. Ulipanda kwa viganja na makalio, ndala umezivaa mikononi. Ukifika juu unazivua, unanawa, ndipo unagusa kitambaa cheupe. Hakuna mteja aliyewahi kuona doa.

Nyumbani ulikuwa mtani. Chai isiyo na tangawizi uliiita maji ya moto. Mkeo Kaltumi akikuudhi, unamwambia, "Shukuru Mungu, siwezi kukukimbia." Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Siku hizi tangawizi anatia, halafu chai yenyewe hainywi.

Watu walikupenda, tusiseme uongo. Walisimama kando ya ngazi wakikutazama ukipanda. "Banange, jamani, mzee anatutia moyo!" Walileta watoto wao waliokataa shule waje wakuone. Walikupiga picha. Wakishatiwa moyo, wanakuruka na kwenda zao.

Binti yako Husnah aliwasikia wote hao akiwa kwenye cherehani yake, jirani na yako, moyo ukimchemka. Yeye hakutiwa moyo na kule kupanda. Alitiwa moyo na swali lako. Kila ulipokutana na Bwana Cleopas, mwenye jengo, ulimsalimia vizuri, ukaulizia familia yake, kisha ukasema, "Na njia yangu iko wapi?" Nyuma ya jengo kilima kimeinuka mpaka usawa wa ghorofa, mteremko mfupi tu wa saruji ungetosha. "Inakuja, mzee," alikujibu kila mara. Hukuona haya, wala hukuchoka kuuliza. Husnah, aliyeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani, alijifunza kwako kudai haki yake bila kuinamisha uso.

Njia haikuja. Ikaja mvua, ngazi zikalowa, ndala zikateleza. Kutoka hospitali hukurudi.

Juzi Bwana Cleopas alikuja nyumbani na picha yako kubwa, imetiwa fremu. Chini imeandikwa: "Alishinda ulemavu." Alitaka kuitundika penye ngazi siku ya karama yako, yaani dua na chakula chako cha mwaka.

"Nyabo, mama yetu," akamwambia Kaltumi, "mzee alitupa moyo sisi wote."

Husnah akaitazama picha. Unatabasamu, ndala mikononi. Machozi yalimjia, akayakataa.

"Baba hakushindana na ulemavu," akasema. "Aliishi nao tangu utoto. Kilichomuua ni ngazi zako. Rudi na picha yako."

"Binti yangu, mimi nimekuja kwa wema."

"Na huyu je?"

Alimwonyesha Ogwal, rafiki yako, aliyekuwa ameketi nasi, yule askari wa zamani aliyeacha miguu yote miwili vitani, anayeshona viatu mlango wa tatu kutoka kwako. Siku hizi wanasimama kumtazama yeye.

"Afande, mimi sitaki picha," Ogwal akasema kwa mazoea ya jeshini. "Mimi nataka kupanda bila watu kunipigia makofi."

Bwana Cleopas akaangalia viatu vyake. "Inakuja," akasema.

Hapo Kaltumi akaamua. Karama yako haifanyiki nyumbani. Ijumaa hii baada ya swala tunatandika mikeka chini ya ngazi zile, kutoka ukuta hadi ukuta, na masufuria ya pilau yatakaa kwenye ngazi zenyewe. Mpaka tumalize, hapandi mtu. Wenye maduka ya juu wameshaanza kelele: "Sasa sisi njia yetu iko wapi?"

"Hilo ndilo swali la mume wangu," Kaltumi amewajibu. "Njooni mkae chini, mle pilau mkiwa mnalifikiria."

Wote mnakaribishwa. Bwana Cleopas naye aje. Tutamsalimia vizuri, tutaulizia familia yake, kisha Husnah atamuuliza, mbele ya watu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kaltumi, binti yako Husnah, mwanao Akram, dada yako Mubaraka, na Ogwal, ambaye leo asubuhi amepanda tena ngazi zile, ndala zako mikononi.

Hatutakusahau, Baba Husnah, hata siku moja.