Gari la Dada Yangu Halichemshi Bure

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na kwa dada yangu zaidi. Mimi mzima kama chuma cha reli, ila barua yako imenipandisha presha.

Eti fundi amebadilisha gasketi, wiki haikuisha gari likachemsha tena, na sasa anataka mnunue injini nyingine! Huyo si fundi, ni mchinjaji aliyepotea njia ya buchani. Mimi nimewahi kutambua hedi iliyopasuka, kile kichwa kinachofunika silinda za injini, nikiwa kwa kinyozi, povu kidevuni, gari lenyewe likipita tu barabarani! Nikamwambia kinyozi, "Hilo halifiki kona." Halikufika.

Sikiliza. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa. Maji yakitoa mapovu, na mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kama jiwe kabla injini haijapata joto, basi moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi mpya chini ya hedi haizibi ufa wa hedi yenyewe! Hedi ishushwe, ipelekwe kwa fundi mkerezaji, azibe matundu ya maji, apulize upepo ndani, aizamishe kwenye maji ya moto. Ufa utajisema wenyewe.

Na fanya haraka. Dada yangu hafikishwi hospitali kusafishwa damu kwa porojo za mchinjaji.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila Mama si sana. Jumatano tulikosa gari la kukodi, akakosa kusafishwa damu. Miguu imevimba, viatu havimwingii.

Hedi tumeipima ulivyosema. Mapovu yalitoka katikati ya valvu mbili. Ina ufa, haifai hata kuchomelewa. Hapo ulisema kweli. Lakini fundi mkerezaji akaniuliza, "Themostati iko wapi?" Nikamwambia Mjomba aliitoa alipokuja kututembelea, akasema ni pambo tu. Akashika kichwa. Kwa injini hii, anasema, pasipo themostati maji mengi hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta yakapoa. Ndiyo maana ilichemka mpaka ikapasuka!

Mama amenikataza kukuandikia haya. Nimeandika. Nina hasira, Mjomba. Hedi kama hii madukani haipo tena, na wewe uko huko unasimulia vinyozi.

Mpwa wako

15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwanza, mtoto hamkaripii mjomba wake kwa maandishi. Pili, huyo mkerezaji alikuwa hajazaliwa mimi nikizitoa themostati kwa meno! Tatu, mwambie dada yangu ainue miguu juu ya mto, na asithubutu tena kunificha ugonjwa. Mimi si jirani.

Basi lililokuletea barua hii lina mzigo wako, umefungwa kwenye blanketi. Ni hedi ya pikapu yangu. Injini ni ileile. Nimeifungua kwa mikono yangu, nikaipima kwenye pipa la maji ya moto, halikutoka hata povu moja. Wekeni gasketi mpya, bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda nje, si kwa hasira. Humo mna na themostati mpya. Hiyo usiniulize, ifungeni tu.

Ijumaa dada yangu awe hospitali kwa wakati, la sivyo nakuja huko na spana.

Na watu wakikuuliza mbona siku hizi Mjomba anakwenda sokoni kwa miguu, waambie anapunguza kitambi.

Mjomba wako