Ngumi Zisizofika

Jumatatu, 4 Machi
Mdogo wangu kaja mazoezini na poda usoni. Poda! Bingwa mzima wa ngumi, mwenye mkanda, shingoni ana mstari wa rangi kama ukuta uliopakwa nusu. Ni mwezi wa tatu sasa anaigiza bondia kwenye tamthilia. Nikamwuliza, kwani wewe ni nani? Akacheka. "Dada, yule wa kwenye tamthilia anapendwa zaidi." Nilisikia kinyaa. Nikamwambia akanawe kwanza, mimi kocha wake simfundishi bibi harusi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kuiona hiyo kazi. Heri ningelala! Anampiga jambazi, ngumi inasimama kiganja kimoja mbele ya pua, jambazi anajirusha chini na kugaagaa. Makofi! Mara moja tu ngumi ikamgusa mtu kidevu. Mwongozaji akaja juu: akirudia, hana kazi. Na mdogo wangu, aliyelaza wanaume ulingoni, akainamisha kichwa. Samahani, bosi. Samahani, bosi! Wakarudia mpaka ikawa laini. Niliondoka bila kuaga.

Jumatano, 13 Machi
Kutetea mkanda ni Jumamosi ya wiki ijayo. Leo kapigana na mwenzake wa mazoezi, raundi tatu, inapendeza kutazama. Ila mwenzake kashuka anapiga mluzi. Nikamvuta pembeni. Kasema hajapigwa. Hata moja? "Hata moja, kocha. Zinafika hapa," — akaweka kiganja mbele ya pua — "halafu zinarudi. Nilidhani ananihurumia."

Jumapili, 17 Machi
Nimemwambia mdogo wangu: ngumi zako hazifiki. Eti nina wivu! Mama naye kadakia: mwache mwanangu, ndiyo kwanza kapata kazi isiyomvimbisha uso. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeacha chakula.

Jumamosi, 23 Machi
Chumba cha kubadilishia nguo. Nimevaa zile bapa za kupokelea ngumi, nikamwambia piga kwa nguvu zote. Kapiga, kapiga — sikusikia kishindo. Upepo tu. Nikazitupa chini, nikamwekea shavu: basi nipige mimi! Kakasirika, karusha. Ngumi ikasimama palepale. Kajaribu tena, meno kayauma. Ikasimama.

"Dada, mkono haukubali."

Jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Nachukia ile tamthilia. Nachukia makofi yao. Namchukia hata yeye, na ninaogopa.

Mpinzani yuko chumba cha pili, anapasha mwili moto. Ngumi zake zinafika, hizo. Chokaa ya ukuta inadondoka upande wetu.

Nikisema hapigani, mkanda unakwenda na hatanisamehe maisha. Nikinyamaza, atapanda ulingoni na mikono ya maonyesho.

"Usiwaambie, Dada. Nitakumbuka nikiwa ndani."

Nimemvalisha glavu ya pambano, ya kushoto. Ya kulia iko mapajani mwangu, chini ya daftari hili. Ananyoosha mkono nimvalishe. Mwamuzi anagonga mlango, anauliza kama tuko tayari —