Mhandisi Mubaraka Wamboga na Mwanya Wake wa Busiu

Kaka Mubaraka, mwaka umetimia leo tangu tulipokuzika, na nyumba yako ya Mpumudde bado haina mlango unaofunga sawasawa. Kila geti na kila dirisha la chuma uliliachia nafasi, ukisema chuma kikipata jua hurefuka. Paka wa jirani wanakushukuru. Mkeo Nulu bado analalamika, lakini fundi akija kuziba, humfukuza.

Ulichora mihimili nyuma ya pakiti za chumvi. Hukula kabla mafundi wako hawajala. Na kila daraja ulilolijenga ulilivuka peku, viatu mkononi, ili nyayo zisikie linavyotetema. Watu wa Bugembe walidhani umeweka nadhiri.

Wengine wamesahau, sisi hatujasahau. Mwaka 1980, vita vimepita na daraja la karibu na Busiu limelala mtoni, wewe ndiwe uliyechora jipya la chuma, mita arobaini. Upande mmoja ukalifunga, upande wa pili ukaliweka juu ya roli, vyuma vya mviringo vya kulifanya liteleze, na mwishoni ukaacha mwanya wa upana wa kidole. Gari likipita: ta-tam.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, saa moja asubuhi, Kapteni Gaster wa kambi ya jeshi ya jirani akaisikia ile ta-tam. Akasema daraja jipya haliwezi kuwa na ufa, na labda umewaachia adui mahali pa kutegea baruti. Mwanya uchomelewe kabla ya jua kuzama, la sivyo utalala kambini. Siku zile, Kaka, waliolala kambini hawakurudi wote. Mimi mdogo wako, niliyesimama kando yako, nikafungua mdomo; ukanikanyaga mguu.

"Afande, niazime kiberiti chako," ulisema.

Ukamwomba akichomeke mwenyewe. Kikaingia kwenye mwanya kama kilichopimwa. Kisha ukakaa pembeni ukamenya ndizi, ukampa moja. Akaikataa. Saa nne akaikubali. Saa nane, chuma kikiwa hakishikiki kwa joto, kiberiti kilikuwa bapa kama chapati.

Afande aliinama kukitazama. "Injinia, hiki kilikuwa kipya."

"Ungeuchomelea mwanya, afande, ambacho kingepondwa hivyo ni ukuta unaolibeba daraja."

Akaondoka bila kuaga. Mwanya ukabaki, wewe ukalala kwako, na kiberiti ukanipa mimi nikitunze.

Siku ya ufunguzi walishukuriwa wote, hadi walioleta viti. Wewe hukutajwa. Wote waliohutubia siku ile nawakumbuka, kwa majina na kwa mpangilio, na atakaye nitamsomea. Wewe ulicheka tu: "Acha, Faruk. Kila gari litanitaja."

Mwezi uliopita daraja likanyamaza. Watu wa idara ya barabara walikuwa wamemwaga saruji kwenye mwanya wako, eti kelele. Nilikwenda ofisini kwao mara tatu. Mara mbili waliniuliza nimesomea wapi uhandisi. Mara ya tatu niliweka kiberiti chetu mezani, nikawasimulia habari yake, nikamwambia mkubwa wao twende akautazame ukuta. Alipoona umeanza kupasuka, hakuuliza tena nimesoma wapi. Aliagiza patasi, saruji itolewe.

Kwa hiyo leo asubuhi tumesimama pale sote. Basi la kwanza kutoka Mbale likapita: ta-tam.

Nulu akacheka huku akijifuta macho. "Huyo," akasema.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, wewe uliyejua umuhimu wa nafasi.

Tunaokukumbuka: mkeo Nulu, binti zako Ramula na Khainza, wajukuu zako wote, na mimi mdogo wako Faruk, ambaye bado mguu unamuuma.

Hatutakusahau, Kaka. Magari hayataturuhusu.