Sufuria ya Bi Zuhura

Kwihara, 25 Desemba 1974

Nusura nivunje ujirani wa miaka mingi kwa paja la nguruwe! Nimelipika tangu alfajiri, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, nikilipaka asali maana duka la ushirika halina sukari.

Saa sita akaja jirani yangu Bi Zuhura, Mwislamu wa swala tano. "Mzee, sufuria niliyokuazima upikie wali iko wapi?"

Nikaitazama iliyo motoni na nguruwe ndani: ni yangu au yake? Sufuria zote mbili, yake na yangu, nyeusi, na macho yangu haya...

Akainama, akachungulia ukingo wa ile ya motoni. "Yangu ina mikwaruzo mitatu. Hii haina."

Nikakaa chini pu, kama gunia.

"Mwakani nitaichora mwezi na nyota, labda utaiona!"

"Chora tu, bibi. Yangu nitaichora nguruwe."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.