Kitu Kimoja cha Kuokoa

Jumatatu, 1 Novemba 1999

Mvua ya mawe saa tisa. Majani ya chai yametobolewa mpaka kule ukingo wa msitu. Mwanangu Jackton anasema kiwandani watanuna wiki nzima.

Christabel, binti yake, amekuja na fomu za chuo kikuu cha Kanada. Amezipata kwa Mwalimu Chepkirui, aliyemfundisha Kiingereza sekondari. Kanada! Hapa nchini alikosa nafasi kwa pointi chache tu, na kikapu cha kuchumia chai kimeshaanza kumkodolea macho. Mwalimu atazipeleka posta Kericho Jumamosi ya tarehe 13. Ikipita hiyo, imepita.

Nilidhani wangeuliza alama tu. La! Ukurasa wa nyuma una maswali mafupi ya mtu binafsi – kila jibu maneno hamsini, yasizidi. Ameomba nimsaidie. Anasema miwani yangu ina Kiingereza kuliko laini hii yote ya nyumba za kampuni.

Jumatano, 3 Novemba

Ukungu hadi saa nne.

Swali la kwanza: maneno matatu ambayo rafiki zako wangetumia kukueleza. Jackton alikuwa anavua gambuti mlangoni. “Andika mvivu, mlafi, mrembo.”

“Baba! Hii ni serious.”

Nikamwambia Christabel kwamba sisi watu wa ziwani tulikuwa na dawa ya swali hilo. Kwenye sherehe mtu alimsimamisha mpiga nyatiti, akajisifu mbele ya watu mpaka akatosheka, ndipo muziki ukaendelea.

“Aki Kwara, Kanada hakuna nyatiti.” Kwara ndivyo anavyoniita – babu, kwa lugha yetu.

Tumeandika: mtulivu, mkaidi, mwaminifu. Hilo la mkaidi alilitaka mwenyewe.

La pili – siku yako ya kawaida. Rahisi. King'ora cha kiwanda, foleni ya bomba, kitabu.

La tatu alilifunika kwa kiganja. “Hilo nitajaza baadaye.”

Alhamisi, 4 Novemba

Nimeliona la tatu. Aliziacha fomu mezani alipokwenda dukani. Linasema: Nyumba yenu ikishika moto, na watu wote wakiwa salama, ungeokoa kitu gani kimoja? Kwa nini?

Nililisoma, nikalisoma tena. Wazo langu la kwanza – wamejuaje?

Upuuzi. Hawajui lolote. Kwao ni mchezo, kama kumwuliza mtoto angependa kuwa mnyama gani. Wako watu duniani wanaoweza kuulizwa hivyo wakacheka, wakakuna kichwa, wakachagua gitaa. Siwachukii. Nawaonea wivu.

Jumamosi, 6 Novemba

Jua kali asubuhi, mvua mchana.

Christabel ameandika “Biblia”. Akafuta. Akaandika “albamu ya picha za familia”. Nikamwuliza ni albamu gani hiyo. Akasema kila mtu ana albamu. Sisi hatuna, nikamwambia. Akafuta kwa nguvu hadi karatasi ikaanza kuota manyoya.

Jackton alimshauri aandike redio. “Si unaweza kusikiza habari ya moto wenyewe!” Alicheka peke yake. Kisha akatoka kwenda kutazama mvua.

Yeye hakuwepo kwenye mapigano ya kikabila, mwaka ule wa tisini na mbili. Alikuwa hapa hapa kiwandani. Christabel, mtoto bado, alikuwa kwetu, mimi na mke wangu Beldina, shambani Fort Ternan.

Jumapili, 7 Novemba

Baada ya kanisa Mwalimu Chepkirui alipita kunywa chai. Mama mpole, viatu vimejaa tope jekundu la kwao Roret. Alisoma majibu mawili, akasifu. Alipofika la tatu akavua miwani.

“Christabel, hili ndilo litakupatia nafasi. Wengine watabuni. Wewe waambie kwamba nyumba yenu iliungua kweli. Waambie mlitoka na nini.”

“Swali linasema watu wote wako salama, Mwalimu.”

“Si mlikuwa salama?”

Christabel aliinuka. Alichukua vikombe akaenda kuviosha, na viwili bado vilikuwa na chai.

Mwalimu akanigeukia, sauti chini. “Mzee, najua ni watu wa kwetu waliofanya. Labda si mimi wa kumwambia aandike.”

Nilimwambia ni yeye hasa. Lakini sikuweza kumwambia analoliomba ni nini.

Kabla hajaondoka tulimpa chakula. Jackton alikuwa amenunua kuku kwa heshima ya mgeni. Christabel alipakua kwa wote, kwake akaweka sukuma wiki tupu. “Huyu tangu darasa la sita hagusi kuku,” Jackton akamweleza Mwalimu. “Maringo tu.”

Si maringo.

Jumatatu, 8 Novemba

Manyunyu. Magoti yanauma.

Niandike mara moja, kwa utaratibu, kama nilivyoandika treni zilizopita nilipokuwa karani wa stesheni.

Kwetu mtu hahamii boma jipya mikono mitupu. Baba hutangulia na jogoo, mwana wa kwanza na shoka, mama na moto. Bila jogoo umejenga nyumba tu, hujafungua boma. Ndivyo nilivyofungua lile la Fort Ternan, Jackton akiwa kijana na shoka begani.

Jioni ile tulipoona moshi kwa majirani, hatukushauriana. Nilichukua shoka. Beldina aliinama jikoni kuchukua kaa la moto, kisha akasimama, akalitazama, akaliacha. Tulikuwa tunaukimbia moto! Jogoo akapewa Christabel. Alimtia ndani ya sweta ya shule.

Tulishuka bondeni, tukajificha kwenye mashamba ya miwa. Kabla giza halijaingia sawasawa wakaja wanaume, wakipita kwenye kijia, karibu kiasi kwamba nilisikia mmoja akikohoa. Jogoo akaanza kukoroma, ile sauti ya chini ya kuku aliyebanwa. Mara moja tu. Kisha kimya. Hakuna aliyemwambia mtoto kitu. Nilimwona amejikunja, mikono yote miwili ndani ya sweta, macho yametoka.

Walipita.

Asubuhi, kwenye uwanja wa kanisa, Beldina alimtoa yule ndege, akamgeuzageuza, akatangaza, “Ni baridi. Baridi imemuua.” Alinitazama. Nami nikasema ndiyo, baridi ya bondeni ni mbaya. 

Tulimwokoa mtoto kwa uongo huo. Ndivyo tulivyodhani.

Jumanne, 9 Novemba

Nimemwuliza, kana kwamba ni jambo dogo, kama amepata jibu. “Bado.” Nikamwambia aandike chochote, hawatakuja kukagua. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

“Wewe ungeandika chochote, Kwara?”

Miaka yote nimemsumbua kwa usahihi. Tarehe, majina, tahajia. Sasa namwambia aandike chochote.

Jumatano, 10 Novemba

Nimejaribu kulijibu mwenyewe, kwenye karatasi ya kando. Maneno hamsini. “Ningeokoa jogoo.” Kisha lazima ueleze kwa nini jogoo. Kisha boma ni nini. Kisha kwamba sisi tunatofautisha nyumba na boma. Nilipofika kwenye miwa nilikuwa nimeshajaza ukurasa. Anayesoma huko Kanada angefikiri mzee huyu anapenda mchuzi.

Na bado sijafika kwa Beldina. Alipofariki, mwaka wa tisini na tano, hakukuwa na boma langu la kumlaza. Nyumba ya kampuni si boma. Tulimpeleka ziwani, tukamzika kwa ndugu yangu, kando, kama mgeni. Kwenye matanga shangazi mmoja alininyooshea kidole, akauliza kwa sauti, “Miaka mitatu hii Otiende alikosa hata jogoo wa kuanzia?” Watu wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka wakiwa wamechoka kulia. Christabel alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka chini, akatoka.

Leo nimeyaweka haya bega kwa bega. Yule mtoto amejumlisha: jogoo, boma, kaburi la Dani wake, yaani bibi. Amejifanyia hesabu kwamba kosa ni lake, na hakuna aliyemsahihishia.

Hesabu yenyewe si hiyo! Angelia yule ndege mara ya pili, asingebaki hata mmoja wetu wa kumzika mwenzake. Alituokoa watatu. Kitu kimoja, swali linasema.

Alhamisi, 11 Novemba

Nilitaka kumwambia asubuhi. King'ora kikalia. Nilitaka kumwambia mchana. Akaja jirani kuomba chumvi.

Kweli ni kwamba sijui pa kuanzia. Nikisema “ulituokoa”, nimesema pia “nilijua”. Na nikisema nilijua, atauliza tangu lini.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua haikunyesha.

Mwalimu Chepkirui ametuma salamu kwamba kesho saa mbili atapita kuchukua bahasha. Jackton yuko zamu. Christabel amekaa mbele yangu, upande wa pili wa meza. Kila kitu kimejazwa isipokuwa pale pa tatu, pale karatasi ilipoota manyoya.

Nimekaa naandika haya ili asijione anangojwa.

Alianza kuandika. Kutoka hapa nasoma juu chini: Jogoo. Kwa Kiingereza, neno moja, kisha nukta. Akaweka kalamu. Akaichukua. Akaandika mstari mwingine, siuoni, mkono wake umeufunika.

Sasa ameuliza. Hakuinua uso.

“Kwara, yule jogoo wetu wa Fort Ternan. Alikufa kwa baridi, sivyo?”

Nikasema, jogoo yupi. Ujinga gani huu! Tulikuwa na jogoo wangapi?

“Yule niliyembeba. Dani alisema ni baridi. Nataka kujua kama niandike baridi.”

Nimemwambia angoje kidogo nimalize mstari, nisije nikasahau hali ya hewa. Anajua huwa naandika hali ya hewa. Amekubali, ameshika kalamu juu ya karatasi, na wino umeanza kufanya doa.

Mvua haikunyesha. Upepo kutoka kusini. Baridi ya kawaida.

“Kwara?”

Bado naandika.